Aliye Juu Mfuate Juu

Meku ana kilo 80 na hajawahi kumsaidia mtu. Ukimwambia shika chuma, hashiki. Ukimwambia inua mguu, mguu unaning'inia vilevile. Ni mtu wa bandia, amejazwa mchanga na matambara, amevikwa ovaroli kuukuu ya bluu na viatu vya kazi vilivyochoka. Jina hilo tulimpa sisi wanafunzi siku ya kwanza, kwa kuwa huku Uchagani meku ni mzee, na mzee huyu alikuwa mzito, mkimya, na hataki kuharakishwa. Mara ya kwanza tulipomshusha kutoka kwenye mnara wa mazoezi tulitumia dakika 41. Mwalimu akasimamisha saa yake, akatutazama tulivyolowa jasho, akasema kwa upole wa watu wa Tanga, "Poleni wanangu. Sasa msiba huu mnazika wapi?"

Mimi ni riga. Kwa miaka tisa nimepanda minara ya simu, kuanzia ile mifupi ya juu ya maghorofa ya Moshi mjini hadi ile ya mita 60 inayosimama peke yake kwenye mashamba ya migomba. Nimefunga antena, nimelenga madishi, nimevuta kebo, nimebadilisha taa nyekundu za kileleni ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zizimike. Ukipita barabarani ukaona kidoa cha rangi ya chungwa kimeganda juu ya chuma, huenda ni mimi au mwenzangu. Watu hutuuliza kama hatuogopi. Nilikuwa nacheka, nikionyesha hanesi yangu, ile mikanda ya usalama inayofungwa mwilini, na kusema, nikiteleza hii inanidaka.

Kweli inadaka. Swali la nani atakuja kuninasua baada ya kudakwa sikuwahi kulisikia kazini kwa miaka saba ya mwanzo, na sikuwahi kuliuliza.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Methali hiyo wanasemewa wenye kiburi, kwamba cheo kina mwisho na mwenye nacho atashuka tu, tutaonana. Sisi mariga tuliigeuza kuwa utaratibu wa kazi bila kujijua. Mmoja anapanda, wawili wanabaki chini kwenye kivuli cha kibanda cha jenereta, wanapandisha vifaa kwa kamba, wanapiga soga na mlinzi, wanamngoja. Akishuka mzima, siku imeisha. Kama asiposhuka, hatukuwa na neno la kuanzia.

Novemba 2018 nilikuwa na wenzangu wawili kwenye mnara mmoja upande wa Rombo, mita 45. Kampuni iliyotuchukua kwa kibarua sitaitaja. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha usiku, na asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakaa kwenye vyuma kama jasho. Tungengoja saa mbili tatu jua likaushe, lakini simu kutoka ofisini ilikuwa imeshaita mara nne. Mwenzangu wa Pasua alikuwa kwenye fremu ya antena, nje kabisa ya mwili wa mnara, akilegeza boliti za mkono wa dishi la zamani. Mimi nilikuwa mita kama sita chini yake. Nilisikia kishindo kidogo, halafu sauti kama ya kitambaa kinachochanika. Ilikuwa lanyadi yake, ile kamba fupi inayounganisha hanesi na chuma. Kile kifuko cha mikunjo kinachofyonza mshtuko kilikuwa kimefumuka, kama kilivyotengenezwa kifanye.

Akabaki ananing'inia hewani, mgongo umevutwa juu, mikono inatafuta kitu. Chuma cha karibu kilikuwa hatua moja na nusu kutoka kwenye vidole vyake. Hatua moja na nusu, ukiwa huna pa kukanyaga, ni sawa na kutoka Moshi hadi Himo.

Tulikuwa na nini? Kamba ya kupandishia mzigo, vitanzi viwili vya akiba, na simu yenye asilimia 30 ya chaji. Nilipanda hadi usawa wake nikamrushia ncha ya kitanzi. Mara ya tatu akaishika. Nikamvuta taratibu, akakamata chuma, akakikumbatia kama mtoto anayemkumbatia mama yake aliyerudi kutoka sokoni. Yote hayo yalichukua dakika 14. Alishuka kwa miguu yake mwenyewe, tukanywa soda kwenye kibanda cha mama mmoja chini ya mnara, na kwenye taarifa ya siku hiyo tuliandika: mvua imechelewesha kazi.

Kwa muda mrefu niliisimulia habari hii kama habari ya kumwokoa mtu, na mbele ya watu wasionijua niliiongezea chumvi. Ukweli ni kwamba alijiokoa mwenyewe. Alikuwa macho, ana nguvu, ana akili zake. Mimi nilimpa ncha ya kamba tu. Angepigwa na kile chuma kichwani, ningebaki pale juu nimemkodolea macho.

Aliyenitoa usingizini hakuwa mtu wa minara. Ni baba yangu mdogo wa Marangu, aliyekuwa mpagazi Mlima Kilimanjaro, baadaye akawa muongoza wageni, na magoti yake ndiyo yaliyomstaafisha. Ilikuwa Desemba, ule mwezi ambao Wachagga wote wanakumbuka kwamba wana kwao. Tumekaa nje, kibuyu cha mbege kinazunguka, nami nikapiga porojo zangu za Rombo. Akasikiliza hadi mwisho. Halafu akanieleza, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, jinsi wao walivyokuwa wakifanya. Mgeni akizidiwa kule juu, kila mtu kwenye kundi anajua nani anabaki na wengine, nani anakimbia mbele kutoa taarifa, nani wanashika machela. Machela zenyewe zina gurudumu moja katikati, chini, na watu wanazunguka pande zote: wengine wanavuta, wengine wanazuia zisikimbie kwenye mteremko. Mgonjwa wa mwinuko hangojwi apate nafuu huko huko. Dawa yake ya kwanza ni kumteremsha, hata kama ni saa nane za usiku.

"Sasa huko kwenu, mwanangu," akauliza, "mgonjwa anashushwa na nani?"

"Tunapiga simu, baba."

"Kwa nani?"

Nikaomba kibuyu.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo tangu siku ile, hasa Agosti 2022 iliposikika kwamba intaneti ya kasi imefika kambi ya Horombo, kule Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mpagazi sasa anaweza kuomba msaada kwa simu akiwa kambini. Msaada wenyewe, hata hivyo, bado ni watu, miguu yao, na lile gurudumu moja. Simu haijawahi kumbeba mtu.

Mwaka uliofuata nilipata kazi kwa mkandarasi mwingine, ambaye hakukubali mtu yeyote apande kabla ya kumaliza mafunzo ya juu ya usalama na uokoaji. Siku nne, nje kidogo ya Moshi kwenye barabara ya kwenda Arusha, kwenye uwanja wenye mnara wa mazoezi wa mita 18 na turubai la kukingia jua. Tulikuwa tisa: wanane wanaume, na dada mmoja wa Bomang'ombe, fundi umeme. Sitadanganya, nilikwenda nimenuna. Miaka saba juu ya vyuma, halafu nifundishwe kuvaa mkanda?

Siku ya kwanza hatukugusa chuma. Mwalimu, mzee aliyeanza kazi bandarini Tanga kabla ya kuhamia kwenye minara, alichora mtu wa vijiti ubaoni na kuuliza: umepanda, umefunga lanyadi yako kwenye chuma kilicho mita 4 kutoka ardhini. Ukiteleza, utaumia? Wote tukasema hapana, kwani tumefunga. Akaanza kujumlisha. Lanyadi, mita 2. Kifyonza mshtuko kikifumuka chote kinaweza kuongeza hadi mita 1.75. Kutoka kwenye pete ya hanesi hadi nyayo, weka mita 1.5. Mita 1 ya akiba, maana nguo hunyooka na hesabu za darasani hazijui mnara wako. Jumla mita 6.25, zinahesabiwa kutoka pale ulipofunga kwenda chini. Akachora ardhi mahali pake. Yule mtu wa vijiti alikuwa ameshafika, na kamba ilikuwa bado haijamaliza kazi yake.

Darasa likanyamaza. Mita sita za mwanzo ndizo tulizokuwa tukizidharau kuliko zote. Tulikuwa tunazipanda mbio mbio, tukisema usalama unaanzia huko juu. Kumbe huko juu lanyadi ina nafasi ya kufanya kazi, na hapa chini haina. Dawa si kuacha kufunga. Ni kufunga juu ya kichwa badala ya usawa wa miguu, kamba ikae fupi, au kutumia ule waya wa usalama unaopanda na ngazi, ambao kikamatio chake kinabana mara tu unapoteleza. Ukifunga usawa wa miguu kwa lanyadi ya mita 2 unaweza kuanguka karibu mita 4 kabla haijaanza kukaza. Na hata kifyonza mshtuko kizuri, kilichofuata kiwango cha Ulaya cha EN 355, kinachoahidi ni kwamba nguvu itakayokufikia haitazidi kilonyutoni 6. Hiyo ni kama kilo 600 zinazokuvuta mgongoni kwa kufumba na kufumbua. Nikamkumbuka yule wa Pasua. Alilalamika mgongo wiki nzima tukamwita legelege.

Mchana tukaning'inizwa, mmoja mmoja. Sentimita chache tu kutoka ardhini, mwalimu pembeni, benchi tayari chini ya miguu. Dakika 5. Wanaume tulianza kwa utani kuhusu mikanda ya mapajani na uzao wa baadaye. Utani uliisha dakika ya pili. Mikanda inauma, miguu inakuwa mizito na ya mtu mwingine, kijasho chembamba kinakutoka ingawa hufanyi lolote. Mwalimu akatueleza kinachoendelea ndani. Damu ya miguuni hurudishwa juu na misuli ya miguu yenyewe: kila unapotembea, misuli inabana mishipa na kuisukuma. Ukining'inia bila kutikisika, pampu hiyo imezimwa, damu inatuama chini, moyo unapungukiwa cha kusukuma, ubongo unapungukiwa chakula. Mtu anazirai. Ukizirai umesimama sokoni, unaanguka chini, unalala, na kule kulala ndiko kunakokuponya kwa sababu damu inarudi kichwani. Ndani ya hanesi huwezi kuanguka. Unazirai ukiwa umesimama, na unabaki umesimama.

OSHA ya Marekani, mamlaka ya usalama na afya kazini (nao wana OSHA yao, herufi ni zile zile na yetu), ilitoa taarifa mwaka 2004 ikionya kwamba mtu aliyening'inia hivyo anaweza kupoteza fahamu na kisha kufa katika muda usiofika dakika 30. Sisi kesho yake tulitumia dakika 41 kwa Meku. Hapo ndipo swali la msiba lilipotoka.

Ukiwa macho, unaweza kujipa muda. Hanesi nzuri zina vitanzi vidogo vya miguu vilivyokunjwa kwenye vifuko pembeni. Unavifungua, unakanyaga kama unapanda baiskeli, misuli inaanza tena kusukuma. Nilikuwa nimevaa hanesi yenye vifuko hivyo kwa miaka minne. Nilidhani ni mapambo.

Jambo moja lilizua ubishi mkubwa. Wawili kati yetu walikuwa wamefundishwa zamani kwamba aliyening'inia muda mrefu asilazwe chali akishushwa, akalishwe kwanza, eti damu yote ikirudi kwa mkupuo itamuua. Mwalimu alisema hata yeye aliwahi kufundisha hivyo. Mwaka 2009 mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza ilichapisha mapitio ya ushahidi wote uliokuwapo, na ushahidi wa kumkalisha mgonjwa haukupatikana. Huduma ya kwanza ni ile ile ya kawaida: mlaze, angalia njia ya hewa, angalia kupumua, angalia damu. Nilimheshimu zaidi mzee yule kwa sentensi ile moja, "nilikuwa nafundisha makosa", kuliko kwa vyeti vyake vyote ukutani.

Siku ya pili na ya tatu zilikuwa za Meku.

Nieleze zile dakika 41 zilikwenda wapi, maana mafunzo yenyewe yalikuwa humo. Dakika tisa ziliishia kwenye mfuko wa vifaa. Kamba ilikuwa imewekwa ovyo na aliyeitumia kabla yetu, ikatoka kama tambi. Tangu hapo naamini kwamba uokoaji unaanza siku ya kupanga mfuko. Dakika nyingine nyingi tulizipoteza kwa kelele. Watu wanne chini, kila mmoja na amri yake, na mwokoaji aliye juu hajui amsikilize nani. Yule dada wa Bomang'ombe ndiye aliyetunyamazisha. "Kaka zangu, mnampigia kelele mtu aliyezimia. Hawasikii. Anayewasikia ni huyu anayehangaika kumfikia." Kuanzia zamu iliyofuata akawa yeye msemaji wa chini. Sauti moja, maneno machache: shusha, simama, vuta, tayari.

Lakini sehemu iliyotumaliza ni sentimita 10. Ndizo hizo tu. Mtu akidakwa na lanyadi yake, uzito wote uko kwenye ile lanyadi, na ndoano yenye uzito wa mtu haifunguki hata uwe na mikono ya mhunzi. Lazima umwinue kidogo, lanyadi ilegee, ndipo uifungue na kumhamishia kwenye kamba yako ya kushukia. Kwa kumbukumbu za Rombo nilijaribu kumwinua Meku kwa mikono, nimefungwa kwenye chuma, mguu mmoja hewani. Nilimwinua sentimita mbili, nikamwachia, nikamwinua tena. Mkono ulitetemeka hadi kesho yake asubuhi, chai ilinimwagikia.

Mwalimu akanipandia, akafunga kamba yake juu ya Meku, akaipitisha kwenye puli mbili ndogo. Yeye haziiti puli. Aliziita roda, na siku nyingine kapi, maneno ya mabaharia wa jahazi, na kila tuliposema puli alituuliza kama babu zetu walikuwa wakitweka tanga kwa Kiingereza. (Babu zangu mimi walikuwa wakipalilia kahawa, lakini sikumjibu.) Kamba ikizungushwa hivyo inabeba mzigo kwa nyuzi tatu, kwa hiyo kilo 80 unazivuta kama kilo 27, pamoja na msuguano wa juu yake. Bei yake ni urefu: kila mita moja ya kupanda, unavuta mita tatu za kamba. Kwa sentimita 10 hiyo si bei. Mzee wa miaka sitini na kitu alivuta kwa mkono mmoja, Meku akapaa taratibu kama ndoo ya kisimani, lanyadi ikalegea. Klik. Imefunguka.

Akaniuliza kwa nini sikuikata ile lanyadi kwa kisu, maana kisu kilikuwa kiunoni kwangu. Nilijibu kwamba niliwaza hivyo. Akatoa kipande cha kamba ya zamani, akaifunga kwenye chuma na kuikaza kwa uzito, akaigusa na makali ya kisu. Hakukata, aligusa tu. Kamba iliyokazwa ilifumuka kwa mlio. "Sasa kumbuka," akasema, "pale juu kuna kamba nne zimekazwa sehemu moja. Moja ni yako."

Kushusha kwenyewe, baada ya hapo, ni kazi ya utulivu. Kifaa cha kushukia kinashika kamba chenyewe ukiachia mpini, kwa hiyo hofu yako haimwangushi mtu. Aliye chini anavuta kamba ya pembeni ili mgonjwa asigongane na vyuma. Mwokoaji anasema naye njia nzima, hata kama ni mchanga na matambara. Mwanzoni nilijiona mjinga kumwambia Meku "tunakaribia, mzee wangu, tulia". Siku ya tatu nilikuwa namwambia bila aibu. Tulimaliza na dakika 11.

Siku ya nne ilikuwa ya kujifunza kutokwenda. Hili lilinigusa kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mimi ni mtu wa kurukia. Mwalimu alitusimulia kisa cha Clarksburg, West Virginia, Marekani. Tarehe 1 Februari 2014 mafundi walikuwa wakibadilisha vyuma vya mshazari vya mnara, vile vinavyozuia miguu isipinde. Mnara ukaanguka na mafundi wawili wakafa. Waokoaji wakaja, kama inavyotakiwa. Mnara wa pili, mdogo, uliokuwa jirani, nao ukaanguka, ukamuua zimamoto mmoja aliyekuja kuokoa. Mwaka uliotangulia, 2013, OSHA ya kule ilikuwa imehesabu vifo 13 vya wafanyakazi wa minara ya mawasiliano, zaidi ya jumla ya miaka miwili ya kabla yake. Nchi yenye kila kifaa.

Kwa hiyo kabla ya kuweka mguu kwenye ngazi unajiuliza: kilichomwangusha bado kipo? Kama ni chuma kilicholegea, kitakulegea na wewe. Kama ni umeme, umezimwa na nani? Kama ni antena, ofisini wamethibitisha kwamba imezimwa, au mmedhania tu? Mawimbi ya redio hayaonekani wala hayanuki. Yanachofanya ni kuupasha mwili joto kutoka ndani, na minara ya matangazo ya redio na televisheni ina nguvu kubwa kuliko hii yetu ya simu. Radi je? Wakati wa masika hapa Moshi mawingu ya mchana hayatoi taarifa ya siku mbili.

Halafu nyuki. Kwenye vitabu vya mafunzo vya Ulaya nyuki wana mstari mmoja, kama wapo. Riga wa Kilimanjaro anawajua vizuri. Wanaingia kwenye makabati ya vifaa, kwenye mabomba ya kebo, hata nyuma ya madishi, na hawasomi kiwango cha EN chochote. Mmoja wetu alisimulia jinsi alivyoshuka mita 30 na kundi zima kichwani, bila kufunga lanyadi hatua hata moja, na hakuna aliyemlaumu. Mwalimu naye hakumlaumu. Alimuuliza tu nani alikuwa amezunguka mnara asubuhi na kutazama juu kabla ya kupanda. Hakuna.

Kuhusu sheria sitasema mengi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, ipo, na inamtaka mwajiri alinde watu wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, kwa sheria ya mwaka 2008. Kinachonikera ni ule mnyororo: kampuni inampa kazi mkandarasi, mkandarasi anampa mkandarasi mdogo, mdogo anampigia simu kijana wa mtaani saa kumi na mbili asubuhi na kumlipa kwa simu jioni. Kijana huyo akianguka, mkataba wake ni ujumbe mfupi unaosema "uko wapi". Nimefanya kazi kwa hanesi isiyosomeka lebo, iliyokuwa ikipokezana migongo mitatu. Nimeambiwa mfuko wa uokoaji upo, uko stoo Dar es Salaam, umefungiwa usiibiwe. Na sisi wenyewe tusijitakase: nani kati yetu hakuwahi kulegeza mkanda kwa sababu ya joto, au kumcheka aliyefunga lanyadi mbili?

Kwa upande wa wenzetu wa Zimamoto na Uokoaji, namba ni 114 na iko kwenye simu yangu sasa. Unaipiga mapema, dakika ya kwanza. Lakini chukua ramani, tazama mnara ulipo kwenye miteremko ya Uru au Kibosho, barabara ya vumbi, daraja la mti, halafu hesabu zile dakika 30. Atakayemshusha aliye juu ni yule aliyekuja naye kwenye gari asubuhi.

Miezi miwili baadaye tulikuwa Kibosho kwenye mnara wa mita 40, mimi na yule wa Pasua. Ndiyo, tulimvuta huku, naye ameshapita kwa Meku. Kwenye kibali cha kazi cha siku hiyo kulikuwa na mstari ambao sikuwahi kuuona kwenye vile vya zamani: mwokoaji. Niliandika jina langu nikaona mwandiko umekuwa mzuri ghafla. Yeye alikuwa wa kupanda. Tuliangaliana mikanda, tukauzunguka mnara tukitazama juu, tukapiga simu ofisini, tukangoja ukungu uishe. Saa nzima na robo. Simu ikaita mara mbili, nikaipokea mara mbili, nikasema chuma hakijakauka.

Mfuko mwekundu niliuweka chini ya mguu wa mnara, zipu imefunguliwa, ncha ya kamba nje. Mlinzi wa pale, baba mmoja wa Kimasai, aliuzunguka akiutazama, fimbo begani.

"Fundi, huo mfuko ni wa nini?"

"Wa kumshushia huyu."

Akatazama juu. Mwenzangu alikuwa mita kama ishirini, anapanda polepole, anafunga, anafungua, anafunga.

"Kwani anaumwa?"

"Bado."